Firigisi ya Nyumba ya Wabwile

Simu ilimkuta Phelista akiwa na povu hadi viwikoni, anafua nguo za watu uani, mtaa wa Kibomet, Kitale. Nabwile, binti yake, ndiye aliyeipokea. Alisikiliza, halafu akaisogeza sikioni mwa mama yake. Mpigaji alikuwa jirani wao wa nyumbani Malakisi, Bungoma, mama anayelima tumbaku ng'ambo ya kijito, na alikuwa akinong'ona.

"Mama Nabwile, shemeji yako Makokha analima kwako."

"Analima wapi?"

"Kwako, si nimekwambia? Ameleta trekta. Imelima mpaka kwa ukuta ya nyumba."

Phelista aliuliza swali moja tu, la Wabwile, marehemu mumewe. "Na kaburi?"

Jirani alikohoa. "Wacha nikwambie ukweli. Ile msalaba ya Wabwile nimeiokota, iko hapa kwangu. Trekta ilipita juu, ikarudi na ile chuma ya kusawazisha. Sasa hata mimi ukiniuliza alilala wapi haswa, nitakudanganya."

Wapangaji wenzake walikuwa wameacha kuanua nguo zao wakimtazama. Kibomet kuta ni nyembamba na masikio ni mapana. Phelista alijifuta mikono kwenye gauni, polepole, kama mtu anayejiandaa kusalimia mgeni.

"Nani amempa ruhusa?"

"Anasema ni Jaji. Ati Jaji mwenyewe alimpa imondo mbele ya watu wote. Na bana, hiyo sisi wote tuliona."

*

Imondo ndiyo firigisi, kile kipande kidogo cha kuku ambacho mtu wa mjini hukitafuna huku akiangalia taarifa ya habari. Kwa Wabukusu, watu wa kwao Phelista, hakitafunwi ovyo. Kuku akipikwa, firigisi huenda kwa mwenye boma, au kwa mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumheshimu. Watu wameoana, wameachana na kununiana miaka na mikaka kwa sababu ya firigisi iliyopotelea jikoni.

Na Jaji huyo ni Waithera Kagwe, ambaye Kitale nzima ilimjua. Haikumjua kwa hukumu zake. Hukumu husomwa na mawakili. Ilimjua kwa Jumamosi zake. Siku hiyo alivua joho, akavaa raba na fulana ya kijani, akaenda kwa watu. Alizibua mitaro ya soko pamoja na wachuuzi. Alizungumza na wasichana mashuleni. Alipanda miti, na zaidi ya yote alipatanisha. Kikundi chake cha upatanisho, kilichozaliwa kanisani, kilizunguka kuanzia mji mdogo wa Kwanza alikozaliwa hadi vijiji vya Bungoma, kikizima ugomvi wa mipaka, wa mahari na wa ng'ombe. Mgongoni mwa fulana zao paliandikwa: Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza Phelista. Alikuwa na kesi ya urithi wa shamba la mumewe dhidi ya Makokha, mahakamani Bungoma, tena kesi nzuri. Wakili Cherop, aliyemtetea bure, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba sheria haiulizi kama marehemu aliacha mtoto wa kiume. Mjane ni mjane na binti ni mtoto. Lakini kesi ilikokota miguu, na Jaji alipokuja kanisani Kibomet kuhubiri maridhiano, Phelista alimwendea baada ya ibada ili amwombee tu.

"Utashinda kesi upoteze ukoo," Jaji alimwambia, amemshika mkono. "Siku ukiugua, Bungoma huko nani atakuja kukuona? Ondoa hiyo kesi, Mama Nabwile. Tutakaa chini kama watu. Mimi mwenyewe nitakuja."

Sasa niambieni, jaji mzima akikwambia mahakama siyo njia, wewe mfua nguo utambishia kwa kinywa gani? Phelista aliiondoa kesi. Cherop alishika kichwa, lakini mteja ni mteja. Jaji naye alitimiza ahadi, na kikao kikakaliwa Malakisi.

*

Jumamosi iliyofuata ile simu ya jirani, Jaji alikuwa shule ya msingi moja hapo hapo Kibomet, anapanda miche. Phelista na Nabwile walifika katikati ya hotuba. Kijana wa fulana ya kijani aliwaona wamesimama langoni na viatu vyenye tope, akadhani ni wazazi waliochelewa, akawatia katika foleni. Kabla Phelista hajajieleza alikuwa amekabidhiwa mche wa mgrevilea na kusukumwa mbele ya kamera.

"Mama, cheka kidogo," mpiga picha alisema. "Si tunapanda miti, kwani ni matanga?"

Phelista alionyesha meno. Alipigwa picha akiwa kando ya Jaji, mche mkononi. Hapo ndipo Jaji alipomtambua, akafurahi kwelikweli, akawageukia walimu.

"Huyu mama ni ushahidi wa kazi yetu! Walikuwa kortini na shemeji yake, leo wanakula sahani moja. Ama namna gani, Mama Nabwile?"

Watu walipiga makofi. Phelista alingoja makofi yaishe. Hakupenda kumwaibisha mtu mbele ya watu, na kwa adabu hiyo alimvuta Jaji kando, nyuma ya tangi la maji, ndipo akamwambia. Alianza na trekta na ukuta, kisha kaburi. La imondo aliliweka mwisho.

"Lakini Madam, wewe si ulisema hiyo shamba ni yetu?"

"Nilisema! Makokha mwenyewe alikubali. Watu wote walisikia."

"Walisikia. Halafu tukakula."

Jaji alimtazama bila kuelewa. Ni Nabwile aliyeeleza, na msichana huyo hakuwa na subira ya mama yake.

"Mama alipika ile kuku kwa nyumba yetu. Imondo aliweka kwa sahani yako wewe, kwa sababu wewe ndio ulikuwa mgeni wetu. Ungekula, kila mtu angejua umekula kwa boma ya Wabwile, na mwenye kupakua ni Mama. Wewe ukachukua ukapatia Baba Mkubwa. Ukamwambia, 'Kula mzee, wewe ndiye mkubwa hapa.'"

"Nilikuwa namheshimu tu..."

"Ulimpatia boma, Madam. Hayo mengine mlikuwa mnaongea tu."

"Nabwile!" mama yake alimkemea. "Unaongea na Jaji."

Lakini hakusema kwamba binti amekosea. Mbele ya shule walikuwa wanamwita Jaji aje apande mche wa mwisho. Alienda. Alichimba, akapanda, akamwagilia, na alipogeuka Phelista na Nabwile walikuwa wameshaondoka, wameacha mche wao umeegemea tangi.

*

"Baba Kim," Jaji alimuuliza mumewe wakati wa chakula cha jioni, "kwenu firigisi hupewa nani?"

Kiragu alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula. "Si unajua? Baba. Mwenye nyumba. Mama yangu angekata mkono wa mtoto kwa sababu ya firigisi." Akacheka. Kisha akauona uso wa mkewe. "Kwani kuna nini?"

Alimweleza. Kiragu aliweka kijiko chini.

"Sasa hilo ungekosaje kulijua? Umezaliwa Kwanza. Umecheza na watoto wa Wabukusu tangu hujui kuvaa viatu."

Hapo ndipo palipouma, kwa kuwa hakukosa kulijua. Sahani ilipowekwa mbele yake siku ile, Malakisi, aliiona ile firigisi na akajua imewekwa kwa makusudi. Wazee walitaniana kwamba mwanamke kula imondo ni mkosi, wakaamua jaji si mwanamke, jaji ni jaji, wakacheka. Phelista alikuwa amesimama mlangoni na jagi la kunawia, anamtazama. Jaji aliyaona macho hayo pia. Lakini Makokha alikuwa amenuna pembeni. Ilikuwa wazi amekubali kwa ulimi tu. Na Jaji alikuwa na sherehe ya kugawa zawadi Kitale ile alasiri. Alitaka Makokha atabasamu upesi ili wapige picha ya kushikana mikono waondoke. Akamtafutia kitu cha kumpoza. Kilichokuwa karibu kilikuwa ndani ya sahani yake.

Makokha alitabasamu. Picha ilitoka nzuri sana.

"Nilijua," alimwambia mumewe. "Nilijua na nikaona ni kitu kidogo."

Kiragu akasema asilopaswa kusema. "Basi si ulinde jina lako. Kesi si yako, mahakama si yako. Mtumie huyo mama kitu kidogo cha kumsaidia, yaishe."

"Yaishie nyumbani?" aliuliza Jaji. Kiragu akarudia kijiko chake.

*

Walikwenda Malakisi pamoja, Jaji, Phelista na Nabwile, katika gari la Jaji, bila fulana za kijani. Njiani hawakuzungumza sana. Walipofika, Phelista alishuka akasimama pale palipokuwa na ua wake. Udongo ulikuwa umelimwa sawasawa, mweusi, mzuri kwa mbegu, na mahindi yalikuwa yameshachomoza kwa mistari. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama, akarudi nyuma, akasogea kushoto. Kisha akaacha kutafuta kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Makokha aliwapokea kwa heshima zote. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Jaji. Alikuwa mwanamume mkondefu mwenye watoto wa kiume wanne na shamba lisilotosha wawili, na tumbaku aliyoilima tangu ujana ilikuwa imemletea kikohozi tu. Mwanawe mkubwa na mkewe walikuwa tayari wamehamia katika nyumba ya Wabwile. Wageni walikaribishwa humo humo. Phelista alikaribishwa ndani ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, akaonyeshwa kiti, akaambiwa ajisikie nyumbani.

"Kwa kaburi, shemeji, nisamehe," Makokha alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Nilimwambia yule dereva wa trekta azunguke. Nikaenda kutafuta dizeli. Kurudi, amemaliza. Ni ndugu yangu yule. Sijalala vizuri."

"Na shamba?" aliuliza Jaji.

"Shamba ni neno lingine, Madam. Wewe ndio ulitufundisha mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Si yaliisha? Ulinipatia imondo kwa mkono wako. Wazee wako hapa, waulize. Msichana ataolewa. Shemeji akitaka kuja kulima kidogo hapo chini, mimi siwezi kumkataza."

"Nilikosea, Mzee Makokha. Nimekuja kusema mbele yenu kwamba nilikosea."

Wazee watatu waliokuwapo walitazama sakafu. Mmoja alisema kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mwingine alisema Jaji ni mtu mkubwa, mtu mkubwa hakosei, labda amechoka na safari.

Mke wa kijana akaleta chakula. Kuku tena. Sahani ya Jaji iliwekwa mbele yake, na firigisi ilikuwa juu, ikifuka mvuke. Safari hii Makokha ndiye aliyempa: mwenye boma akimheshimu mgeni wake. Jaji alielewa. Angekula, angekuwa ametia muhuri.

Aliichukua kwa vidole, akainuka, akavuka chumba mbele ya wazee, akainama mbele ya Phelista kama mtu anayeomba. "Mama Nabwile, hii ni yako. Ilikuwa yako tangu siku ile. Pokea."

Phelista aliitazama ile firigisi, akautazama mkono ulioishika. Uso wake ulikuwa mchovu tu, hauna hasira, na Jaji alitamani uwe na hasira.

"Madam," alisema, "rudisha kwa sahani. Siku ile haikuwa yako kupeana. Hata leo si yako."

"Nataka kurekebisha..."

"Najua unataka. Wewe ni mtu mzuri, kila mtu anajua." Alisimama. "Lakini mimi nilikuja kwako na kesi. Nilikuwa na kesi yangu, uliniambia niweke chini. Nirudishie kesi yangu."

Walitoka bila kula. Makokha aliwasindikiza hadi garini, kama inavyotakiwa.

*

Kesi ilirudishwa. Cherop aliandika upya maombi, na alipomaliza alimweleza Jaji kilichobaki.

"Makokha anasema kulikuwa na makubaliano mbele yako. Anayeweza kusema makubaliano yalikuwa yapi ni wewe. Lakini wakili wake atakuuliza ya firigisi, na hawezi kukuonea haya."

Waheshimiwa wenzake walimpigia simu. Wengine walimwambia jaji hasimami kizimbani kwa sababu ya kuku. Mmoja alimkumbusha kwa sauti ya kirafiki kwamba jina lake lilikuwa limependekezwa kwa nishani ya huduma kwa jamii. Alimshukuru kila mmoja. Kisha akaliandikia kanisa kwamba anajitoa katika kikundi cha upatanisho, na kila mtu akadhani ni mgonjwa.

Siku ya kesi, Bungoma, alikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wengine waliokuja na kesi zao, kati ya mzee aliyeshika kuku wa ushahidi ndani ya kikapu na mama aliyekuwa akinyonyesha. Karani alimwita kwa jina lake tupu. Alipoingia, hakimu kijana nusura asimame. Alijizuia akiwa ameshainuka kidogo, akajifanya anavuta kiti. Jaji Waithera aliapa kama waapavyo wengine.

Alieleza alichosema siku ile, kwamba shamba ni la mjane wa Wabwile na binti yake, na Makokha akaitikia. Halafu wakili wa Makokha akainuka.

"Shahidi, baada ya hayo mlikula?"

"Ndiyo."

"Firigisi aliwekewa nani?"

"Mimi."

"Na nani aliila?"

"Bwana Makokha."

"Aliinyang'anya?"

Watu walicheka. "Hapana. Nilimpa."

"Ukasema nini ulipompa?"

Angeweza kusema hakumbuki. Mashahidi wengi walikuwa wamesema hivyo mbele yake kwa miaka mingi, na aliwajua wote walipodanganya. Makokha alikuwa anamwangalia, na Phelista pia.

"Nilisema, 'Kula mzee, wewe ndiye mkubwa hapa.'"

"Ulijua maana yake kwa watu hawa?"

"Nilijua." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakimu akamwomba aseme tena. "Nilijua maana yake. Nilikuwa na haraka. Nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu kwa sababu nilitaka sifa ya kupatanisha. Mama huyu alikuwa mlangoni ananitazama na nilimwona."

Wakili hakuwa na swali lingine. Jaji alishuka kizimbani akipapasa ukingo kwa mkono, kama mzee.

*

Mahakama iliamua kwamba shamba haligawiwi kwa firigisi. Lilikuwa la Phelista na Nabwile. Mtoto wa Makokha alihama baada ya mavuno, bila ugomvi, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa boma la Makokha aliyevuka ua kuja kumjulia hali mjane wa ndugu yao. Jaji alikuwa amelitabiri hilo kanisani. Alilikumbuka, na halikumfariji.

Phelista alimwalika Jaji nyumbani Malakisi, kwa sababu mtu akikutolea ushahidi humwachi hivi hivi. Jaji alikuja peke yake, akakaa alipoonyeshwa. Chakula kikaletwa. Phelista alipakua mwenyewe, na firigisi aliiweka katika sahani ya Nabwile. Msichana alimtazama mama yake, mama akatikisa kichwa kukubali, na Nabwile akaila taratibu hadi ikaisha. Jaji alipewa shingo. Aliila yote.

Baada ya chai alikwenda garini akarudi na mche wa mgrevilea, ule ule aliokuwa ameuokota kando ya tangi la shule Kibomet na kuutunza nyumbani. Ulikuwa umerefuka.

"Nilifikiri tuupande kwa kaburi," alisema. "Kama hutajali. Nitachimba mwenyewe."

Walitoka nje wote watatu. Mabua ya mahindi yalikuwa yamekatwa na shamba lilionekana lote, tambarare, hadi kijitoni. Msalaba ulikuwa umeegemea ukuta wa nyumba, tangu jirani alipourudisha. Mama wa tumbaku alisema Wabwile alilala karibu na mpera. Wazee walisema hapana, ni chini zaidi. Makokha, alipoulizwa mara ya mwisho alipokubali kuulizwa, alilia akasema hajui.

Jaji alisimama na jembe mkono mmoja, mche mkono wa pili.

"Haya, Madam," Phelista alisema kwa upole. "Chimba. Utachimba wapi?"